Ukimya wa mume si ukomavu

KILA baada ya miaka miwili, kama ilivyokuwa Agosti 2022 na Agosti 2024, familia za Wabukusu huwapeleka wana wao jandoni. Mvulana husimama wima mbele ya kisu, asitikisike wala kupepesa jicho, huku ukoo ukimtazama.

Funzo hilo la ujasiri lina heshima yake. Tatizo huzuka pale mwanamume anapoliingiza katika ndoa, akaamini kwamba mume kamili haogopi, hakosei wala haombi radhi.

Katika eneo la Likuyani, Kaunti ya Kakamega, imani hiyo hupimwa na mahindi. Hupandwa Machi na Aprili, huvunwa kuanzia Oktoba, na ifikapo Januari karo ya shule inadaiwa.

Chukua mfano wa mkulima aliyewauzia madalali magunia kwa bei ya chini ili alipe deni asilolijua mkewe. Akiulizwa, hufoka, kisha huelekea sokoni Matunda na kurejea usiku wa manane. Mke halioni deni; huiona hasira tu, akajijibu kwamba yuko mwanamke mwingine. Hofu ya fedha imezaa shaka ya mapenzi. Wahenga walinena: mficha maradhi kilio humuumbua.

Mara nyingi mbegu ya maficho hayo hupandwa wakati wa uchumba. Kijana huja kwa pikipiki ya kuazima, akijigamba kwa kazi ya Eldoret asiyokuwa nayo. Anayependwa hapo ni mtu asiyekuwepo, na baada ya harusi itambidi aendelee kumwigiza.

Ukomavu wa hisia huanza kwa mume kuitambua hisia yake kabla haijageuka matusi: je, ni hasira, au ni aibu? Kisha huitamka mapema, kwa maneno machache: "Mama watoto, nina deni, na ninaogopa." Hatimaye husikiliza jibu bila kujitetea, hata likiwa chungu.

Sheria nayo imeugusa uhusiano huu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi ya shambani, malezi ya watoto na hata uandani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ile ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inahesabu dhuluma ya kihisia kuwa dhuluma. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu kulifungua la moyoni.

Anayeona kwamba kusema ni kukiuka mila na aikumbuke jando yenyewe. Baada ya kisu, ngariba huwarudia vijana, akawanawisha mikono na kuwausia jinsi mtu mzima anavyopaswa kuishi na wenzake. Ukimya ulikuwa wa saa moja tu. Yaliyofuata yalikuwa maneno.