Buibui Naye Ni Mvuvi

Mtoto wa Kalundu, kando ya Ziwa Tanganyika, anaujua wavu kabla hajajua kuandika jina lake. Ameona nyavu zikianikwa ufukweni, na wazee wakishona palipochanika. Kwa hiyo naona tunakosea tunapoanza somo la buibui kwa duara la kartoni na miguu ya karatasi. Linapendeza ukutani, lakini halimwonyeshi mtoto kazi ya buibui.

Tuanze na tandabui. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Burundi, umande bado umeshika kila uzi. Watoto wachuchumae hatua moja kando, mikono magotini, maana buibui haguswi. Waulizwe: nyuzi zipi zinatoka katikati? Zipi zinazunguka?

Ndipo waje kwenye vijiti vitatu vilivyofungwa pembetatu na uzi wa wavu mkuukuu. Buibui hutangulia na fremu, halafu nyuzi za kutoka katikati, kama spoku za baiskeli. Baada ya hapo huzungusha uzi mkavu kutoka ndani kwenda nje, wa kukanyagia tu, kama jukwaa la mwashi. Kisha hugeuka, akarudi kuelekea katikati akitandaza uzi wenye ulimbo huku akiuondoa ule mkavu. Mtoto wa miaka mitano hayawezi yote hayo. Azungushe mara moja, apake uji mzito wa muhogo kwenye nyuzi za kuzunguka peke yake, kisha arushe vipande vya majani makavu. Vitanasa kwenye mzunguko, vitateleza kwenye spoku. Hapo ataelewa kwa vidole vyake sababu moja ya buibui kupita kwenye mtego wake bila kunaswa: spoku zake hazina ulimbo.

Kuhesabu miguu kuje baadaye, na mbu aliyekufa awekwe pembeni: yeye sita, buibui minane. Kwetu mbu ni malaria, kwa hiyo mtoto anastahili kusikia habari za Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako watafiti wamemchunguza buibui mdogo mrukaji anayependelea kuwinda mbu walioshiba damu. Huyo hatandi wavu. Huvizia na kuruka.

Giza likiingia, mtoto atolewe barazani amtazame buibui aliyetanda karibu na balbu. Wadudu wanaifuata taa. Kule ziwani, mitumbwi imewasha zake, na ndagala wanapanda.