Mbuzi huyu katoka wapi?



Kwanza tuuondoe utani mezani: leo sizungumzii mbuzi katoliki. Huyo ana wapenzi wake, na kesi yake na majirani zetu tuiache ilipo. Namzungumzia mbuzi mwenyewe, mwenye ndevu na pembe, yule anayetafuna kanga yako iliyoanikwa uani huku akikutazama usoni kana kwamba anakuuliza una shida gani.

Mnyama huyu hana jina zuri kanisani. Tumesikia kwamba siku ya mwisho kondoo watawekwa kuume na mbuzi kushoto, na tangu hapo kila Mkristo anajihesabu kondoo, hata yule ambaye jumuiya nzima inazijua pembe zake. Lakini soma Mathayo 25 taratibu. Wachungaji wa nchi ile walichunga kondoo na mbuzi pamoja mchana kutwa, wakawatenganisha jioni; Bwana alichukua mfano ambao kila msikilizaji alikuwa ameuona. Wanaoulizwa maswali pale ni watu waliompita mwenye njaa, na mbuzi hajawahi kumnyima mtu chakula. Tena ukifungua Kutoka 26 utakuta hema la Bwana limefunikwa kwa mapazia 11 ya manyoya ya mbuzi. Kwa hiyo tumheshimu kidogo.

Kuna methali moja ya mbuzi ambayo siku hizi naisikia kila mahali, kuanzia kwenye daladala hadi kwenye sherehe za kipaimara: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Inasemwa kwa kicheko, mara nyingi na mtu aliyeshiba. Aliyewahi kufunga mbuzi malishoni anajua kamba hupimwaje. Hupimi kwa kuangalia njaa ya mbuzi. Unapima kwa kuangalia shamba la jirani. Unahesabu hatua kutoka kwenye kigingi hadi mstari wa kwanza wa mahindi. Zikiwa kumi, unamfunga kwa kamba ya hatua nane, maana shingo ya mbuzi nayo ina urefu wake. Kamba ni mpaka unaolinda mahindi ya watu. Sasa mtu anakabidhiwa stoo ya dawa au kitabu cha risiti, anachota, kisha anasema anakula kwa urefu wa kamba yake. Huyo aliajiriwa kulinda mahindi, akaamua mwenyewe kuwa mbuzi.

(Na umewahi kumwona mbuzi akizunguka mti mpaka kamba inaisha, shavu limegusa gome, halafu anakulilia wewe? Wenye mikopo ya kausha damu watanielewa. Tuendelee.)

Mbuzi ninayempenda kuliko wote katika Maandiko yumo katika kitabu cha Tobiti, sura ya pili. Wasomaji wangu wa madhehebu mengine, Biblia zenu nyingi hazina kitabu hiki. Kiazimeni kwa jirani Mkatoliki, naye atafurahi kukumbushwa kwamba anacho. Kanisa letu husoma habari ya mbuzi huyo Jumanne ya juma la tisa la mwaka, katika mwaka wa kwanza wa masomo ya siku za kawaida, na Injili ya siku hiyo ni ile ya kodi ya Kaisari. Aliyepanga masomo hayo alijua alichokuwa akifanya.

Tobiti ni mtu mwema aliyechukuliwa uhamishoni Ninawi. Anazika maiti zilizotupwa, anasaidia maskini. Usiku mmoja amelala uani karibu na ukuta, kinyesi cha ndege kinamwangukia machoni, na waganga wanashindwa kumponya. Anakuwa kipofu. Ndugu yake anamtunza miaka miwili, kisha anahama. Hapo Ana, mkewe, anaanza kufuma nguo za watu kwa malipo. Siku moja waajiri wake wanamlipa ujira wote, na juu yake wanampa mwanambuzi. Anaingia naye nyumbani, na mbuzi, kama ilivyo desturi yake, hakujua kunyamaza. Akalia.

Tobiti haoni, ila anasikia. Anauliza mbuzi huyo katoka wapi, asije akawa wa wizi. Arudishwe kwa mwenyewe, sisi hatuli mali ya wizi. Ana anaeleza kwamba amepewa kama nyongeza. Mume hasadiki. Anazidi kusisitiza mbuzi arudishwe, na uso unamwiva kwa aibu kwa ajili ya mkewe. Ndipo mama naye anachoka, anamuuliza sadaka zake na matendo yake mema yamemfikisha wapi. Sura inayofuata Tobiti analia na kuomba afe.

Mbuzi mmoja tu, tena mdogo.

Swali la Tobiti mimi nalitetea. Nyumba zetu nyingi zimeacha kuliuliza. Mshahara wa baba unajulikana, na bado lori la saruji linashusha uani, na mama anahesabu mifuko bila kuuliza kitu. Ndafu inaingia ukumbini kwa vigelegele, majani mdomoni, na hakuna anayetaka kujua nani kamlipia. Hata siku ya mavuno, mbuzi akipanda kuelekea altare na utepe shingoni, sijamwona padre anayemuuliza ametokea zizi gani. Watoto wanausikia ukimya huo na kuuelewa vizuri sana. Wakikua hawatahitaji kufundishwa rushwa, waliilia wali.

Lakini Tobiti aliuliza swali alilokwisha kulijibu moyoni. Mke hakuwa ameiba chochote. Alikuwa ameamka, amefuma, amesifiwa na watu wa nje mpaka wakamwongezea, na mtu pekee aliyekataa kuamini ni yule aliyekuwa akimlisha.

Naona mbuzi huyu bado anazunguka katika ndoa zetu. Mume amepunguzwa kazini, au amestaafu, au anaumwa. Mke anaamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, anacheza kikoba, anakopa na kurejesha. Jioni anarudi na kuku, au kitenge kipya, na swali linatoka kwa sauti ile ambayo kila mwanamke anaijua: umekipata wapi? Baba, ukisikia sauti hiyo ikitoka kinywani mwako, jiulize kama kweli kuku ndiye anayekuuma. Tobiti alikuwa amezoea kutoa. Sasa anapokea, tena kwa mkewe, tena gizani. Hilo linauma, na halina aibu kulisema. Angelisema hilo, huenda mbuzi angelala salama. Nawe mama, maneno ya Ana yalikuwa na haki yake, lakini kumpiga mgonjwa kwa sala zake ni kumpiga pale ambapo hana pa kujikinga.

Kitabu hakisemi mbuzi yule aliishia wapi, kama alirudishwa au aliliwa. Kinasema kwamba wawili wale waliendelea kuishi pamoja, na kwamba mtoto wao Tobia alipochelewa safarini waligombana tena, huyu akisema nyamaza, yule akisema nyamaza wewe. Kila siku Ana alitoka kuitazama njia. Hatimaye akamwona mwanawe kwa mbali, akamwambia mumewe kwamba anakuja. Tobiti, macho yakiwa bado yamefumba, hakumuuliza amejuaje. Aliinuka, akaelekea mlangoni akijikwaa.