Mkeka wa Taswira: Jicho Litembealo Katika Liuhua

Mfanyabiashara atokaye Kariakoo au Eastleigh, awasilipo katika mji wa Guangzhou kununua nguo za jumla, hachelewi kufika Liuhua, mtaa wenye stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1974, na jirani yake masoko makubwa ya nguo, likiwamo lile la Baima lililoanza kazi mwaka 1993. Katika mtaa huo huo yalikuwa majumba ya maonyesho makubwa ya biashara ya China, tangu mwaka 1974 hata maonyesho hayo yalipohamia mtaa wa Pazhou. Na kando yake liko ziwa la Liuhua, ambalo si la asili bali lilichimbwa kwa mikono ya watu mwaka 1958. Mji wenyewe si mgeni kwa watu wa pwani yetu, kwa maana mabaharia wa Kiarabu waliosafiri kwa pepo za msimu waliujua tangu kale kwa jina la Khanfu.

Basi mfanyabiashara huyo, akitaka kumwonyesha mshirika wake aliye nyumbani safu nzima ya maduka, huinua simu yake na kuona kwamba safu haienei katika picha. Akirudi nyuma apate upana, mgongo wake hukutana na ukuta wa upande wa pili. Mwishowe huiweka simu katika hali ya kupiga picha ndefu, akatembea polepole sambamba na maduka kutoka mwanzo hata mwisho. Na anapoitazama picha iliyotoka huona nguzo imekatika kati, kibao cha duka kimejirudia mara mbili, na mchukuzi wa mizigo aliyekuwa akipita ana miguu mitatu. Hudhani simu yake ni mbovu. Simu si mbovu. Iliyomshinda ni kazi ambayo wataalamu wa taswira wameishughulikia kwa miaka mingi, na ambayo suluhisho lake limekwisha kuupima mwezi na kuchora ramani za visiwa vyetu wenyewe.

Asili ya taabu ni mahali pa kusimama. Kamera ya kawaida, iwe ya thamani kubwa au ya simu ya mkononi, imejengwa juu ya sharti moja, kwamba miale yote ya nuru inayochora picha ipite katika nukta moja. Maarifa ya sharti hilo ni ya kale. Wafuasi wa Mozi, mwanafalsafa wa China aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, waliandika juu ya taswira inayopinduka ipitapo katika tundu dogo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri katika karne ya 11, aliichunguza nuru iingiayo chumba cha giza, na katika Kitab al-Manazir akaeleza jinsi macho mawili yanavyokutanisha taswira mbili zikawa moja. Na katika Guangdong, jimbo ulimo mji huo wa Guangzhou, Zou Boqi wa Nanhai aliandika mwaka 1844 juu ya chombo cha kunasia taswira, naye huhesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda kamera katika nchi ya China.

Nukta moja ina fadhila yake: mpiga picha akiizungusha kamera juu ya nukta hiyo pasipo kuhama, picha zake zote huungana bila dosari, kwa kuwa hakuna kitu kilichofunuliwa upya wala kilichofichwa upya. Lakini akihama hatua moja tu, dunia yote hujipanga upya mbele yake. Jambo hili kila msomaji aweza kulijaribu papo hapo alipoketi. Nyosha kidole mbele ya uso wako, fumba jicho la kushoto, kisha lifumbue ufumbe la kulia: kidole kitaruka, ilhali ukuta ulio nyuma yake hautatikisika ila kidogo. Macho yetu yametengana kwa kadiri ya sentimita 6 na nusu. Kitu kilicho umbali wa mita 6 na nusu huonwa na macho hayo kwa tofauti ya pembe iliyozidi kidogo nusu digrii. Kikiwa mita 65, tofauti hiyo ni sehemu ya kumi ya ile ya kwanza. Kikiwa mita 650, ni sehemu ya mia, na hapo jicho halipimi tena bali lakisia. Charles Wheatstone wa London alibainisha mwaka 1838, kwa vioo viwili na michoro miwili, kwamba tofauti hiyo peke yake yatosha kuifanya karatasi tambarare ionekane ina kina.

Basi mruko huo huo ndio unaozikata nguzo za mfanyabiashara wetu, na ndio unaotupa elimu ya umbali. Vitu vya karibu hukimbia upesi mbele ya kamera inayotembea, na vya mbali hukimbia polepole. Na mtu akizilazimisha picha mbili kamili zilaliane, zikipatana ukutani zitagombana kwenye nguzo, na zikipatana kwenye nguzo zitagombana ukutani.

Suluhisho lililopatikana ni la kifundi, na mwenye kuwahi kumtazama mama wa pwani akishona mkeka atalifahamu mara moja. Mshonaji hapati kitambaa kipana cha kutandaza. Husuka ukili mwembamba, mrefu, kisha huuzungusha na kuushona ubavu kwa ubavu hata upana ukapatikana. Vivyo hivyo, badala ya kutumia picha nzima, huchukuliwa ukanda mwembamba tu wa katikati ya kila picha, na kanda hizo zikapangwa kwa utaratibu wa mwendo. Shmuel Peleg na Joshua Herman walieleza mwaka 1997 njia ya kushona picha za namna hiyo kutoka kwa kamera itembeayo, na mwaka huo huo Rajiv Gupta na Richard Hartley wakaandika hesabu za kamera ambayo wenye fani huiita kwa jina la ufagio, kwa sababu mstari wake wa kuonea husukumwa mbele kama ufagio mpana usafishao baraza.

Picha iliyoshonwa hivyo haina mahali pamoja pa kusimama. Kila ukanda una nukta yake, na mtazamaji huwa kana kwamba anasimama mbele ya kila duka kwa wakati mmoja. Ukuta ambao kanda zimekadiriwa kwa ajili yake hutoka sawasawa. Kilicho karibu zaidi huonekana chembamba na kirefu, kwa kuwa kimepita upesi na sehemu zake nyingine hazikunaswa. Na kilicho mbali huonekana kimepanuka, kwa kuwa kimenaswa zaidi ya mara moja. Upotofu huu una kanuni, na upotofu wenye kanuni hupimika.

Wachina walikuwa na taswira za tabia hii karne nyingi kabla ya kamera. Zhang Zeduan, mchoraji wa enzi ya Song, alichora maisha ya mji ulio kando ya mto katika hati ya kukunjwa yenye kimo cha sentimita 24.8 na urefu wa sentimita 528.7, iliyohifadhiwa leo katika Jumba la Makumbusho la Kasri, Beijing. Mtazamaji huikunjua kidogo kidogo kutoka kulia kwenda kushoto, akapita mashamba, daraja, maduka na lango la mji, na hapana nukta moja ambayo kwayo mchoraji angeweza kuviona vyote. Alichora kama mtu atembeaye, na hakuna aliyemwita mwongo.

Wala sisi wa Afrika Mashariki hatukosi kuiamini picha ya namna hiyo, ingawa wengi wetu hatujui kwamba tunaiamini. Mwaka 2003 mjini Paris, katika fainali ya dunia ya mita 5,000, kijana Eliud Kipchoge wa Kenya alimshinda Hicham El Guerrouj wa Morocco kwa dakika 12 na sekunde 52.79 dhidi ya dakika 12 na sekunde 52.83. Tofauti hiyo ya sehemu nne za mia za sekunde husomwa katika picha ya kamera iliyoelekezwa kwenye mstari wa mwisho peke yake, ambayo huunasa mstari huo tena na tena na kuzishona kanda zake bega kwa bega. Katika picha ile upana si mahali bali ni wakati: aliye mbele ya mwenziwe katika picha ni yule aliyewahi kufika, na medali hutolewa kwa ushahidi huo.

Sasa twafika penye ajabu kubwa. Kamera moja ikitembea mbele ya maduka ya Liuhua, ukanda wa upande wa kulia wa kila picha huangalia mbele ya safari, na ukanda wa upande wa kushoto huangalia nyuma, mwendo ukiwa wa kuelekea kulia. Ukizishona kanda za kulia peke yake ukapata mkeka mmoja, na za kushoto peke yake ukapata mkeka wa pili, umepata macho mawili kutoka kwa kamera moja. Kila duka limeonwa mara mbili, kwanza na jicho la mbele, kisha na jicho la nyuma. Na mwendo uliotembewa kati ya kuonwa kwa kwanza na kwa pili ndio nafasi iliyotenga macho hayo. Duka la karibu hungoja hatua chache tu kabla ya kuonwa tena. Mnara wa mbali hungoja hatua nyingi. Kwa macho yetu, ambayo nafasi yake haibadiliki, umbali ukizidi mara mbili kosa la kuukadiria huzidi mara nne. Lakini hapa nafasi yenyewe hukua pamoja na umbali, kana kwamba mtu atazamapo mlima macho yake hujitenga ili yamtumikie, na kosa halikui kwa kasi ile. Zhigang Zhu pamoja na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliifafanua faida hii katika picha zipigwazo kutoka angani.

Hikima hiyo hiyo imezungushwa ikawa duara. Kamera mbili zilizosimama bega kwa bega huona kina cha kilicho mbele yake, lakini cha ubavuni hazikioni kina chake, kwa kuwa huko moja husimama nyuma ya nyingine. Hiroshi Ishiguro na wenziwe wa Japani mwaka 1992, na baadaye Peleg na Moshe Ben-Ezra wa Jerusalem mwaka 1999, walionyesha kwamba kamera ikizungushwa kwenye ncha ya mkono, kisha kanda za kushoto na za kulia zikashonwa mbali mbali, kina hupatikana pande zote za duara bila upande mmoja kunyimwa.

China imeipeleka elimu hii mbali kuliko mitaa yake. Chombo Chang'e-1, kilichorushwa tarehe 24 Oktoba 2007, kilizunguka mwezi kwa kimo cha kadiri ya kilomita 200 kikiwa na kamera yenye mistari mitatu ya kuonea, mmoja wa mbele, mmoja wa chini, mmoja wa nyuma. Kila bonde na kila kilima kikaonwa mara tatu katika mwendo mmoja, na mwaka 2008 taswira ya mwezi mzima ikatangazwa. Hapana mtu aliyesimama mahali ambapo picha ile ingeweza kuonwa, na hata hivyo vimo vyake vyapimika.

Na mkeka huu umetandikwa kwetu pia. Kuanzia mwaka 2016 Zanzibar ilipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi ambayo Kamisheni ya Ardhi iliifanya pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliojifunza kuzirusha. Picha zilizopandana zilishonwa zikawa ramani ambayo kila paa huonekana kutoka juu yake barabara, kama kwamba jicho lilikuwa juu ya kila nyumba kwa pamoja. Na kutokana na mruko wa vitu kati ya picha na picha hupatikana vimo vya ardhi na majengo, vya kuwafaa wapangaji wa miji na walinzi wa fukwe.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Ramani kama hiyo yaweza kuamua mpaka wa shamba, njia ya barabara na nyumba itakayobomolewa, nayo ni ya haki kwa vipimo vyake. Lakini ni mkeka wa nyakati nyingi kama ulivyo mkeka wa mahali pengi, na ukuta uliojengwa kati ya kupita kwa ndege mara ya kwanza na ya pili waweza kuonekana nusu, kama mchukuzi wa Liuhua alivyopata mguu wa tatu. Mtu asiyejua hivyo ama ataikataa ramani ya kweli kwa kuiona ngeni, ama ataikubali kwa upofu penye haki ya kuuliza.

Kwa hiyo naona ni wajibu wa shule zetu kuwafundisha watoto jambo hili kwa kidole na jicho, kwa ukili na mkeka, kabla hawajafika kwenye hesabu zake. Na mzee wa kijiji atakapoletewa picha ya ardhi yake ili aitie saini, aulize maswali mawili bila haya: jicho lilisimama wapi, na lilisimama lini? Mpimaji mwaminifu anayo majibu ya yote mawili, na asiyeweza kuyatoa asitiliwe saini.