Kumeza Kupimwe, Kusiulizwe Tu

Mgonjwa wa Parkinson akiulizwa kama anameza vizuri, mara nyingi hujibu ndiyo, wala hadanganyi: ugonjwa hufifisha hisia za koo, chakula kikaingia njia ya hewa bila kikohozi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu thuluthi moja ya wagonjwa hulalamikia kumeza. Wakipimwa, wanne kati ya watano hukutwa na kasoro. Nimonia inayofuata huua.

Wapo watakaosema eksirei ya video ya kupimia kumeza haipatikani kila hospitali. Ni kweli, lakini maji yapo: mgonjwa hunywa, muuguzi huhesabu mafunda, hutazama saa, kisha husikiliza kama sauti imekuwa ya majimaji. Asipoona dosari, bado aulize kuhusu uzito uliopungua na kifua kinachojirudia, maana maji huweza kupotea njia kimyakimya.