Je, Wajua? Baridi ya Brazili, Neema ya Chepkube

Je, wajua kuwa baridi ya Brazili iliwahi kuwatajirisha watu wa mpakani mwa Kenya na Uganda? Julai 1975, sakitu kali iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, ikawa myeusi kana kwamba imepitiwa na moto. Mavuno mengi ya mwaka huo yalikuwa yameshachumwa, hivyo pengo kubwa lilionekana 1976. Na mbuni mpya huchukua miaka mitatu au zaidi kuzaa. Wakati huohuo vita vilivuruga mashamba ya Angola, mzalishaji mwingine mkubwa. Ratili moja ya kahawa, iliyokuwa chini ya dola 1 ya Marekani kabla ya sakitu, ilipita dola 3 kufikia Aprili 1977.

Nchini Uganda, utawala wa Idi Amin uliwalipa wakulima sehemu ndogo tu ya bei hiyo, tena kwa shilingi iliyozidi kupoteza thamani. Basi magunia yakavushwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya. Wakubwa waliyaita magendo. Kwangu, hao walikuwa wakulima waliodai thamani halali ya jasho lao.