MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Mpenzi msomaji, ukiulizwa jina la mto unaotenganisha Makueni na Kitui, utajibu papo hapo: Athi. Muulize mwenzako wa Malindi, naye atakuambia mto wao ni Sabaki. Kumbe nyote mnazungumzia mto mmoja!

Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Hupokea maji ya mto Nairobi, ukapita karibu na mlima Ol Doinyo Sabuk, kisha ukashika njia ya kusini mashariki kando ya uwanda wa Yatta. Ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki hukutana na mto Tsavo. Hapo jina Athi huachwa, ukaitwa Galana. Unapokaribia Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi, ndipo huitwa Sabaki. Safari yote ni kama kilomita 390.

Je, kwa nini majina matatu? Zamani watu waliita kile kipande walichokiona na kukinywa. Galana, kwa mfano, ni neno la Waorma, na maana yake ni mto tu! Wageni nao hawakubaki nyuma. Maporomoko yaliyoko Tsavo yaliitwa kwa jina la Lugard, Mwingereza aliyepita huko 1890. Hata mji wetu wa Sultan Hamud una jina la Sultani wa Zanzibar aliyetawala kati ya 1896 na 1902.

Wanachama wa Kiswahili, hili hapa ni letu hasa. Wanaisimu waliazima jina Sabaki wakaliita kundi la lugha ndugu: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Basi maji yapitayo Ukambani huishia kwenye jina la ukoo wa Kiswahili.

Lakini tusidanganyike na majina. Taka zinazotupwa mtoni kule Nairobi hazisimami jina linapobadilika. Akina mama wa huku chini huzichota pamoja na maji. Nasi pia tumo. Udongo unaomomonyoka Ukambani hubebwa hadi Malindi, bahari ikageuka rangi ya kahawia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukichimba matuta shambani kwenu, unamtunzia mtu wa Sabaki bahari yake, ingawa hajui kwamba mto wake huitwa Athi.