"Leta" ipi? Msamiati wa mgawanyo wa madaraka katika Kiswahili cha Fizi na Baraka

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inavyogawa madaraka na kuyawekea mipaka, na jinsi msamiati wa Fizi na Baraka unavyouficha mgawanyo huo.

Neno "leta", lililotoholewa kutoka Kifaransa, humjumuisha askari, hakimu, mtoza kodi na msimamizi wa wilaya. Neno "serikali", lenye asili ya Kiajemi, nalo hutumika hivyo hivyo. Hata hivyo, Katiba haitambui leta moja tu.

Mgawanyo wa kwanza ni ule wa vyombo vya taifa, ambavyo Watanzania huviita mihimili. Bunge la Taifa laweza kuiangusha Serikali kwa kura ya kutokuwa na imani. Rais naye aweza kulivunja Bunge hilo, mradi pawe na mgogoro wa kudumu kati yake na Serikali, na baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na maspika. Mahakama ya Katiba, iliyoanza kazi mwaka 2015, huamua iwapo sheria inapingana na Katiba, na husuluhisha mivutano ya mamlaka baina ya dola na majimbo.

Mgawanyo wa pili ni wa ngazi. Kongo si shirikisho, ingawa Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ilikaribia mfumo huo. Katiba ya 2006 ilishika njia ya kati: ulinzi, sarafu na mambo ya nje ni ya Kinshasa, barabara za jimbo na shule za msingi na sekondari ni za jimbo, kwa kufuata kanuni za taifa, mengine hushirikiwa.

Chini ya jimbo, sheria ya Oktoba 2008 yaweka tofauti ambayo wengi hatuizingatii. Wilaya ya Fizi haina utu wake wa kisheria. Msimamizi wake huwakilisha mamlaka ya juu. Sekta zake nne, yaani Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, ndizo zenye utu huo pamoja na bajeti yao. Halmashauri za sekta zapaswa kuchaguliwa na wananchi, lakini uchaguzi huo haujafanyika Fizi. Hivyo mkuu wa sekta hana wa kumhoji kutoka chini.

Tuangalie fedha. Kwa mujibu wa Katiba, asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni haki ya majimbo. Na kwa mujibu wa sheria ya 2008, asilimia 40 ya fungu hilo ni ya sekta, miji na vyombo vingine vya ngazi hiyo. Basi katika kila faranga 100, 40 ni za majimbo, na 16 kati ya hizo zapaswa kushuka hadi ngazi ya sekta. Hesabu hiyo haijatekelezwa kikamilifu. Aidha, marekebisho ya Januari 2011 yalimpa Rais uwezo wa kulivunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana panapotokea mgogoro mkubwa wa kudumu. Mwenye kupewa kwa mkono mmoja aweza kunyang'anywa kwa mwingine.

Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza. Kifungu cha 142 chaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60. Sheria haiwezi kusambazwa kwa lugha isiyotenganisha vyombo vyake. Kenya, baada ya Katiba yake ya 2010, ililieneza neno "ugatuzi" hadi vijijini. Nasi twaweza kuliazima, na kuyapa maneno "dola", "serikali", "jimbo" na "sekta" mipaka thabiti madarasani na redioni.

Mvuvi wa Baraka anapodaiwa ushuru "wa leta", awe na maneno ya kuuliza: leta ipi, ya Kinshasa, ya jimbo, au ya hapa? Asiye na maneno ya kuuliza swali hilo hulipa mara tatu.